Ofa na Tangazo la Kimbunga

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani aliitwa Ofa, na hata watu wasiopenda utani walimwita hivyo. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akizunguka mji na pikapu yake nyeupe yenye spika nne juu, mbili zikitazama mbele na mbili nyuma, akitangaza chochote ambacho mtu alitaka kitangazwe: magodoro, sabuni, mechi za mpira, duka jipya la viatu, dawa ya kunguni. Kila kitu kikipita mdomoni mwake kilikuwa cha kwanza, cha mwisho au cha pekee. Godoro lilikuwa la mwisho dukani. Sabuni ilikuwa ya kwanza ya aina yake. Na kunguni waliosikia habari za ile dawa, kwa maneno ya Ofa, walikuwa wamekwisha kufunga virago wenyewe.

Sauti yake aliilea kama yai. Alijifunga skafu shingoni hata jua likiwa linayeyusha lami, pembeni ya gia aliweka chupa ya maji ya vuguvugu yenye tangawizi, na hakuwa tayari kujibizana na mtu kabla ya saa sita mchana, maana alisema hasira za asubuhi hukwaruza koo. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na watu walimwita Mama Pacha kwa ajili ya mabinti zao wawili waliokuwa wameolewa mbali. Kanuni hiyo ya koo mama huyu aliitumia vizuri sana. Kila alilotaka kumgombeza mumewe alilisema kabla ya saa sita.

Jumatatu moja asubuhi mwenyekiti wa mtaa alimpigia simu aende ofisini upesi. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kituo cha mafuta, chenye benchi, meza na kabati lililofungwa kwa waya. Ofa alimkuta mwenyekiti pamoja na binti wa miaka kama ishirini na saba, shati lake limepigwa pasi mpaka kola ingeweza kukata kidole, kompyuta magotini.

"Huyu ni Afisa, ametoka hali ya hewa," mwenyekiti alisema. "Kuna kimbunga kinakuja. Tunataka ututangazie."

"Kimbunga," Ofa alirudia, akilionja lile neno kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Lilikuwa neno zuri. Lilijaza mdomo.

Binti alimwamkia, kisha akamgeuzia kompyuta. Palikuwa na picha ya bahari, na juu ya bahari wingu jeupe limejiviringa, katikati lina tundu.

"Hilo tundu ndilo jicho lake, mzee wangu. Pale kati kunakuwa shwari. Balaa lote liko kwenye huu ukuta wa mawingu unaolizunguka. Bahari ikishika joto sana, mvuke unapanda kwa wingi, na hewa ya pembeni inakimbilia kuziba pengo. Dunia nayo inazunguka, kwa hiyo hewa haiji moja kwa moja, inapinda na kujizungusha. Kikiwa juu ya maji ya joto kinakula na kunenepa. Kikipanda nchi kavu kinakosa chakula, kinakonda. Tatizo ni kwamba nchi kavu ya kwanza kukanyagwa ni hapa kwetu."

"Kina ukubwa gani?"

"Daraja la tatu."

"Kati ya ngapi?"

"Tano."

Uso wa Ofa ulinywea kidogo. Maisha yake yote hakuwahi kutangaza kitu cha tatu. "Haiwezekani tukasema la tano?"

"Haiwezekani, mzee wangu."

"La nne, basi, tukutane katikati."

"Halafu sikiliza," Afisa aliendelea, akiwa amekwisha kuelewa ni mtu wa namna gani amepewa. "Daraja linapima upepo tu. Halipimi maji. Na maji ndiyo yanayoua watu wengi kuliko upepo. Ukiwaambia jambo moja tu, waambie la maji."

Ofa aliitikia kwa kichwa, akapokea karatasi ya maelezo, akaikunja na kuiweka mfukoni. Lakini akili yake ilikuwa imekwisha kutoka nje ya mlango, iko barabarani inatafuta muziki wa kuanzia.

Saa saba mchana pikapu iliingia barabara kuu. Ngoma zilipiga, tarumbeta zikalia, kisha sauti ikashuka juu ya mabati kama mvua ya mawe:

"Kinakujaaa! Ndugu wananchi, kinakuja! Kikubwa, kizito, hakijawahi kutokea! Kimbungaaa! Alhamisi hii, kuanzia alfajiri, hapa hapa mtaani kwenu! Daraja la tatu! Njooni shule ya msingi ya mlimani, wewe, mama, watoto na majirani! Nafasi ni chache! Ukichelewa usinilaumu!"

Watu walitoka milangoni. Watoto walilikimbilia gari. Msusi mmoja aliacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa, akasimama kizingitini na kitana mkononi.

"Ofa! Hao Kimbunga ndio wale wenye mpiga gitaa kipofu?"

"Siyo bendi! Kimbunga chenyewe! Upepo!"

"Haya, kiingilio bei gani?"

"Hakuna kiingilio!"

"Bure!" msusi aliwapigia kelele wenzake. "Jamani, Alhamisi ni bure!"

Kufikia jioni habari ilikuwa imeenea mji mzima kwamba kuna bendi kubwa inapiga shuleni alfajiri, jambo ambalo wengi waliliona la ajabu kidogo, lakini ndiyo mambo ya siku hizi. Fundi pikipiki wa pale njia panda alikuwa amekwisha kuazima viti vya kukodisha.

Afisa alimkuta Ofa nyumbani kabla jua halijazama. Alibisha hodi kwa adabu, akaamkia kwa adabu, akakalishwa kwenye kiti kilichokuwa na magauni matatu ya wateja, kisha adabu ikamwishia.

"Mzee wangu, kuna mtu ameniuliza kama avae viatu virefu."

Mama Pacha aliinamisha uso kwenye cherehani. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

"Mimi nimesema yote yaliyo kwenye karatasi," Ofa alijitetea. "Siku, saa, mahali. Kama watu hawana masikio…"

"Masikio wanayo. Wamekuzoea." Binti alijikuna paji la uso, akatazama chumba. Chini ya meza ya kukatia nguo palikuwa na beseni pana la maji ambalo Mama Pacha alikuwa akilowekea kitambaa kipya. "Mama, naweza kulitumia?"

Alilivuta beseni hadi katikati ya chumba. Upande mmoja wa ukingo aliweka ubao wa kupigia pasi, mwanzo umezama, mwisho umeegemea kiti, ukapanda taratibu kama ufuko. Juu ya ubao akapanga vibiringo vya nyuzi, vingine chini, vingine juu. "Hizi ni nyumba. Huu hapa ni upande wa chini wa mtaa, kule kwenye ghuba. Huku juu ni shule." Kisha akachukua rula ndefu ya kukatia, akaisimamisha ndani ya maji na kuisukuma kuelekea ubao, polepole, bila kuinyanyua.

Hakurusha maji wala hakuyapiga. Aliyasukuma tu. Maji yalijikusanya mbele ya rula, yakapanda ubao bila haraka na bila kelele, yakakifikia kibiringo cha kwanza, cha pili, cha tano. Nyuzi nyekundu zikaelea. Nyeupe zikafuata.

"Siyo wimbi linalokuja na kurudi," Afisa alisema. "Upepo unaisukuma bahari saa nyingi, na bahari haina pa kwenda, inapanda. Pale kwenye ghuba ni pembamba, kwa hiyo itapanda zaidi. Tunakadiria mita tatu. Nyumba za kule chini, mita tatu ni dirishani au ni darini?"

Ofa aliinamia beseni. Kule chini alikuwa akipita kila wiki. Alijua ni nani anaishi nyumba ipi, nani ana mzee kitandani, nani amejifungua juzi. Alikitazama kibiringo kimoja cha kijani kikizunguka juu ya maji, akakiokota.

"Mimi," alisema mwishowe, na ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kuongea bila kupaza sauti, "mimi nilidhani ni upepo."

Ndipo Mama Pacha akazima cherehani.

"Baba Pacha, unaikumbuka siku mmoja wa watoto alipotupotea sokoni? Walikuwa na miaka minne."

"Nitaisahau vipi?"

"Ulizima muziki. Ulisimamisha gari katikati ya soko, ukashika kipaza sauti ukasema: mtoto wangu amepotea, amevaa gauni la njano, mguu mmoja hana kiatu. Basi. Hukuongeza neno. Na soko zima likanyamaza, watu wakaacha kupima nyanya. Mtoto akapatikana kabla hujashuka garini." Alikata uzi kwa meno. "Sauti hiyo unayo. Sijui huwa unaiweka wapi."

Usiku ule Ofa alilala mapema, na kwa mara ya kwanza aliisoma ile karatasi yote, mara mbili, miwani puani.

Jumanne saa moja asubuhi pikapu ilitoka bila muziki. Afisa alikaa kiti cha pembeni, karatasi na ramani mapajani. Kimya chenyewe kilitosha kuwatoa watu ndani, maana hakuna aliyewahi kuliona gari hilo likitembea kimya, na wengine walidhani Ofa amefariki.

Alisimama mbele ya saluni, akafungua kipaza sauti.

"Ni mimi, Ofa. Mnanijua. Nataka kusema kitu kwanza. Yale magodoro niliyowatangazia mwaka huu, niliyosema ni ya inchi nane, ni ya inchi sita."

Msusi aliangusha kitana.

"Nilijua hivyo nilipokuwa natangaza," Ofa aliendelea. "Ile sabuni ya viini vitatu vya maua haina ua hata moja, nimekiona kiwanda. Dawa ya kunguni, sisi wenyewe nyumbani tuliipiga, na kunguni bado tunao."

Kutoka nyumbani kwake, nyumba ya nne, ilisikika sauti ya Mama Pacha: "Hilo la kunguni lilikuwa na haja gani?"

"Nimeyasema haya ili mjue kwamba leo situmii chumvi. Kuna kimbunga baharini. Siyo bendi. Kikija kama kinavyokuja sasa, Alhamisi alfajiri kitakuwa hapa. Bahari itapanda kule chini mpaka mita tatu. Mtu mrefu kuliko wote mtaani ni kinyozi, naye ana mita moja na sentimita tisini. Wa kule chini wote wahame kesho kabla ya jua kuzama. Shule iko wazi. Afisa huyu hapa, muulizeni."

Walimuuliza. Mwanzoni waliuliza juu ya magodoro, kisha juu ya kimbunga. Afisa alijibu na Ofa akarudia kwenye spika, neno kwa neno, bila kuongeza kitu, na kila mara alipotaka kuongeza, binti alimtazama kwa pembe ya jicho. Hapana, kubandika utepe wa gundi kwenye vioo hakusaidii, pigeni mbao. Hapana, msifungue dirisha ili upepo upite, upepo ukiingia ndani unalisukuma paa kutoka chini. Maji ya kunywa ya siku tatu, yajazwe sasa kabla hayajachafuka. Dawa za wagonjwa, vyeti, vitambulisho, ndani ya mifuko ya plastiki miwili. Swichi kubwa ya umeme izimwe kabla ya kutoka. Mabati na ndoo vilivyozagaa uani viingizwe, kwa sababu upepo ule ukiokota bati unalifanya panga. Na katikati ya kimbunga kuna tundu la shwari, linaitwa jicho: upepo ukikatika ghafla na jua likatoka, msitoke, ukuta wa pili bado unakuja.

Fundi pikipiki alirudisha viti.

Saa nne simu ya Ofa ililia. Alikuwa mwenye duka la samani, muuzaji wa yale magodoro, na aliongea kwa nguvu kiasi kwamba Afisa aligeuza uso dirishani akijifanya anatazama nguzo za umeme. Ofa alisikiliza mpaka mwisho. "Ni kweli, bosi," alisema. "Ndiyo, bosi. Lakini na wewe duka lako liko chini." Akakata simu, akafungua chupa ya tangawizi. Miaka kumi na moja ya kazi ilikuwa imekwenda na maji kabla maji hayajafika.

Kule chini watu walianza kufunga mizigo, isipokuwa Mzee Posta. Huyu alikuwa tarishi mstaafu, amepeleka barua miaka thelathini bila kupoteza hata moja, na alikuwa na paa jipya la bati la kijani ambalo alilipenda kuliko alivyowapenda wakwe zake. Alikuwa amekaa barazani chini yake, mikono kifuani.

Ofa aliacha gari, akaenda kwa miguu. "Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Na usinitangazie."

"Sitangazi. Nimekuja kukuomba."

"Mwaka juzi mlisema kinakuja. Nikabeba kitanda hadi shuleni, mgongo ukaniuma mwezi mzima. Kiko wapi? Kiligeuka. Bati hili ni zito, fundi mwenyewe aliniapia."

Afisa alichuchumaa mbele yake. "Baba, uzito hausaidii. Upepo ule haulikandamizi paa, unalinyanyua. Ni sawa na bawa la ndege. Paa lako limefungwa na nini ukutani?"

"Misumari."

"Hakuna ukanda wa chuma?"

Mzee Posta alitazama juu, kisha akatazama pembeni. "Fundi hakusema habari za ukanda."

"Na ile ya mwaka juzi ni kweli, kiligeuka. Hata hiki kinaweza kugeuka. Mimi najua kinakoelekea leo, sijui kitaamua nini kesho. Kikigeuka, nitakuja hapa mwenyewe, utanitukana mpaka utosheke."

Mzee alimpima kwa macho. Alikuwa amezoea maofisa wasiosema "sijui".

"Utakuja kweli?"

"Nitakuja."

"Andika."

Aliingia ndani akatoka na kalamu na karatasi, akamfanya binti aandike ahadi hiyo yote, aweke tarehe na saini, na Ofa atie saini kama shahidi. Akaisoma, akaikunja mara tatu, akaitia kwenye bahasha na kuilamba. Ndipo akaanza kufunga mizigo, akilalamika juu ya mgongo wake kwa sauti ya mtu aliyeridhika.

Jumatano ilikuwa ya nyundo na misumari. Ofa, ambaye mikono yake ilikuwa imezoea usukani tu, alijipiga kidole gumba mara mbili kwenye dirisha moja, na mkewe akamwondolea nyundo bila kusema neno. Mama Pacha alipandisha cherehani juu ya kabati, akaifunga kwa turubai na kamba. Akatia kwenye mfuko vyeti, vidonge vyake vya presha, tochi, betri, redio ndogo na nguo za kubadili. Alipogeuka alimkuta mumewe naye ana mfuko. Ndani mlikuwa na skafu tatu.

"Na za kubadili?" aliuliza.

"Hizi ndizo za kubadili."

Kufikia jioni shule ilikuwa imejaa. Madarasa manane yaliyozunguka ukumbi mmoja, watu kama mia nne, na mwenyekiti akizunguka na daftari kuhakikisha kila nyumba ya chini imefika. Sauti ya Ofa ilikuwa imebaki uzi. Siku mbili za kuongea taratibu zilikuwa zimelichosha koo kuliko miaka ishirini na miwili ya kupayuka. Aliingia shuleni jioni hiyo akiongea kwa mikono.

Alhamisi kikafika. Mwanzoni ilikuwa mvua tu, yenye kwenda na kurudi. Kisha upepo ukaanza kulalamika kwenye pembe za jengo, halafu ukaacha kulalamika ukawa unanguruma bila kupumua. Waliokuwa wakicheza karata waliweka karata chini. Kulipopambazuka hakukuwa na mwanga wa maana, kulikuwa na ukijivu unaopita kwa kasi dirishani. Kitu kikubwa kiligonga ukuta wa darasa la sita. Mtu akauliza ni nini, na hakuna aliyetaka kwenda kuangalia. Ofa aliketi sakafuni ameshika mkono wa mkewe, akili yote iko kwenye mabati ya juu, akihesabu kila yalipopiga kelele. Aliogopa. Alitamani aseme kitu cha kuwatia watu moyo, na hakuwa na sauti ya kukisemea.

Saa tano na dakika ishirini kukawa kimya.

Siyo kwamba upepo ulipungua. Ulikatika, kama bomba lililofungwa. Mwanga ukaingia. Kupitia nyufa za mbao wakaona anga, na anga lilikuwa la buluu, lina jua. Watu walitazamana, wakaanza kucheka na kukumbatiana, na wa kwanza wakasimama kuelekea mlangoni. Mwenye duka la samani, ambaye alikuwa amekuja Jumatano na magodoro kumi na mawili ili yasilowe, alitaka kwenda kuona duka. Fundi pikipiki alitaka kwenda kuona pikipiki. Mzee Posta alitaka kuona bati.

"Jicho!" Afisa alipiga kelele akiwa upande wa pili wa ukumbi. "Hilo ni jicho! Msitoke!" Lakini sauti yake ilimezwa na vigelegele.

Ofa alirukia mlango akautandaza mgongo wake juu yake. Alifungua mdomo. Kikatoka kitu kama hewa ya tairi. Alijaribu tena, mishipa ya shingo ikamsimama, kikatoka hicho hicho. Watu walikuwa wanamsogelea, wakimwambia kwa upole apishe, mzee, imekwisha, hujaona jua?

Alimtafuta mkewe kwa macho. Akamwelekeza kidole: wewe.

Mama Pacha alitazama saa ukutani. Akapanda juu ya dawati, akaweka mikono kiunoni.

"NYIE! Mnaenda wapi?"

Mia nne wakasimama.

"Nimeuliza, mnaenda wapi? Mmeambiwa tangu Jumanne! Tundu liko katikati, ukuta uko kulia na kushoto! Ukuta mmoja umepita, wa pili haujapita! Mnadhani umesahau njia? Utarudi kutoka upande wa pili, nusu saa, pengine chini ya hapo, na wewe uko katikati ya barabara umeshika pikipiki! Fundi, kaa chini! Wewe wa samani, magodoro umeyaleta kulalia au kuyatazama? Kaa! Mzee Posta, shikamoo, na wewe kaa! Bati kama lipo utaliona saa kumi, kama halipo halitarudi kwa kutazamwa!"

Wakakaa. Wanaume wa mtaa ule walimtazama Ofa, aliyekuwa bado amejibandika mlangoni, kwa macho mapya kabisa. Kumbe ndivyo asubuhi zake zilivyokuwa.

Fundi pikipiki peke yake alichomoka kwa dirisha la nyuma. Robo saa baadaye upepo ulirudi kutoka upande wa pili kama alivyosema mama, kwa kishindo kikubwa kuliko ule wa kwanza, na mti mkubwa wa uwanjani, uliokuwa umeinamishwa kushoto asubuhi nzima, ukalazwa kulia ukakatika. Fundi alirudi akitambaa, mkono umevunjika juu ya kiwiko, pikipiki hakuiona. Muuguzi aliyekuwa darasa la tatu alimfunga mkono kwa rula mbili za ubaoni.

Nusu hiyo ya pili ilikuwa ndefu, na watu hawawezi kuogopa saa nne mfululizo bila kupumzika kidogo. Kwenye saa nane msusi alimwomba Mama Pacha futi yake ya kushonea. Akapiga magoti kando ya godoro alilokuwa amelalia mwenye duka, akapima unene wa godoro mbele ya watu.

"Sita," alisema.

"Limebonyea," mwenye duka alijitetea. "Nimelilalia tangu jana."

Walipima lile ambalo halijalaliwa. Lilikuwa sita kasorobo. Kicheko kilichopasuka mle ndani kilishindana na upepo kwa dakika nzima, na mwenye duka, baada ya kujaribu kununa na kushindwa, alicheka naye, akagawa magodoro kwa wazee na wenye watoto wachanga.

Saa kumi walitoka. Kule chini hapakuwa na mtaa, palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, na madirisha yakichungulia juu yake. Afisa aliwazuia wasiingie: waya za umeme zilikuwa zimelala humo, na maji yanayotembea humwangusha mtu hata yakiwa magotini. Walisubiri juu ya kilima hadi kesho yake. Mwenyekiti aliita nyumba moja moja kutoka kwenye daftari, na kila nyumba iliitikia. Alipomaliza alianza tena mwanzo, kwa sababu hakuamini. Waliitikia tena.

Ofa alikaa siku tisa bila kusema kwa amri ya daktari. Kazi ya samani haikurudi. Ilikuja nyingine, ya halmashauri, ya kutangaza siku za maji kukatika na chanjo za watoto, isiyo na ngoma wala tarumbeta, na watu walipomsikia akisema maji yatakatika Jumanne, walijaza ndoo Jumatatu.

Paa la kijani lilikutwa uwanja wa mpira, limekunjika katikati. Mzee Posta alikaa wiki tano kwa Ofa na Mama Pacha, akila vizuri na kukosoa kila kitu, hadi nyumba yake ilipokauka. Siku ya kupandisha bati jipya Afisa alikuja na suruali ya kazi, kola imelala siku hiyo. Alishika ngazi. Juu alikuwa Ofa na fundi wa mapaa, wakipitisha ukanda wa chuma juu ya kila boriti na kuufunga ukutani kwa bolti, na chini Mzee Posta alikuwa akihesabu kwa sauti.

"Ule wa pembeni mmeuruka!"

"Tunakuja huko, kaka."

"Mnakuja lini? Nauona kutoka hapa. Binti, wewe mwenye macho, si umerukwa?"

Afisa alitazama juu. "Umerukwa kweli," alisema, na Ofa akashuka ngazi mbili kwenda kuchukua ukanda mwingine.